Aliyesimama Siku ya Fahali

Kemunto mwanangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipozaliwa. Niliwaficha ndugu zako kabla yako, nikalificha kanisa zima, na kila mtoto aliyewahi kukaa mbele yangu darasani. Linahusu yule fahali wa Kebirigo. Ndiyo, yuleyule. Usicheke bado.

Nakuandikia mchana, hapa barazani, wewe ukiwa umekwenda Nyamira mjini kusukwa nywele na kununua sanduku. Shangazi yako amenifunga blanketi miguuni kana kwamba mimi ni mgomba unaotaka kuanguka, akaniambia nilale. Silali! Kesho asubuhi unaondoka kwenda Lodwar kufundisha Kiingereza, nami nimechangamka kama mtoto aliyeahidiwa soda. Mkono unatetemeka, lakini leo si moyo huu mbovu peke yake unaoutetemesha. Ukiona mstari umepanda mlima, jua hapo nilikuwa nacheka.

Mambo ya chandarua, maji ya kunywa na kutopokea simu za watu usiowajua, shangazi yako ameshayasema, na kesho atayasema tena mpaka gari litakapong'oa magurudumu. Mimi nina langu moja.

Sabato iliyopita, watu walipokuja kukuombea, ulisimama karibu na kabati la vikombe ukawasimulia hadithi ya fahali. Uliisimulia vizuri kuliko mimi. Uliinua mkono pale ninapouinua, ukanyamaza pale ninaponyamaza, kisha ukaiachia: "Watu wakakimbia..." Wageni wote, na mzee wa kanisa akiwa mmoja wao, wakaitika kwa sauti moja: "Helter-skelter!" Ukasema hiyo ndiyo itakuwa hadithi yako ya kwanza darasani. Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Baadaye nikakufuata jikoni kuomba maji. Nikakukuta umeshika sinia. Huoshi, wala huliweki chini.

"Una nini?" nikakuuliza.

"Tata, naogopa."

"Unaogopa nini? Joto la Lodwar?"

"Joto halina neno. Naogopa kusimama mbele ya darasa. Unajua mimi nikiogopa siwezi hata kusogeza mguu. Naganda tu. Ndivyo Mama alivyokuwa." Kisha ukacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Ningerithi moyo wako. Mimi nimeachiwa miguu ya Mama."

Nilikunywa maji yale nikarudi kwa wageni bila kukujibu. Hukushangaa, ulidhani mzee hakusikia. Nilisikia, Kemunto. Na jibu nilikuwa nalo tangu ujana wangu. Usipolipata leo utapanda gari bila jibu hilo, na mimi sijui kama Desemba utanikuta kwenye kiti hiki. Daktari wa Kisii hakunificha, nami sikufichi. Lakini leo hatuombolezi. Leo nina habari njema sana kukuhusu!

Kwanza nikukumbushe hadithi jinsi unavyoijua. Siku ya soko. Mwalimu mpya, kijana, tai shingoni. Fahali mwekundu, ambaye mjinga fulani alimwacha bila kumfunga, anashtuka na kulivamia soko. Watu wanakimbia helter-skelter. Msichana mmoja muuza ndizi ameganda katikati ya njia, hofu imemziba hata sauti. Mwalimu hakimbii. Mwalimu anaidaka kamba, anapambana, anarushwa juu ya magunia ya unga, anainuka mweupe kama malaika, na kamba bado iko mkononi. Msichana yule ni mama yako. Nilimwokoa, ndipo nikamwoa. Hapo kanisa huangua kicheko. Na darasani, mwishoni, huwa ninauliza, "Na mwenye fahali alikuwa wapi?" Darasa zima linaitika, "Hajulikani mpaka leo, Mwalimu!"

Nimeisimulia Keumbu, nikaisimulia Magwagwa, na hapa Kebirigo ndiyo usiseme. Kuna watu wazima wenye wajukuu wanaokutana nami njiani na, badala ya kunisalimu, wanasema "Helter-skelter, Mwalimu!" nami nawapungia mkono. Yaa, nimeheshimiwa kwa neno moja.

Na neno lenyewe nililipenda kabla ya fahali. Nililisikia chuoni, mhadhiri wetu akilisoma kwa sauti. Lilikuwa na mbio ndani yake! Ulimi wenyewe unajikwaa ukilitamka, unainuka, unajikwaa tena. Nilitoka darasani nikilisema peke yangu mpaka mpishi wa chuo akaniuliza kama ninaumwa. Nilitafuta mwenzake katika Kiswahili sikumpata sawasawa. Tuna vurugu, fujo, ghasia. Hayo yanakwambia kuna jambo limeharibika, lakini hayakuonyeshi miguu ya mtu. Shaghalabaghala, mimi niliona ni la nguo kitandani na vyombo jikoni. Mguu niponye ni wa mtu mmoja na roho yake. Hili la Kiingereza ni la wengi: wote kwa wakati mmoja, kila mmoja na upande wake, bila mpango, bila kungojana.

Utawafundisha hivyo, nao watalipenda, na kwa sababu wamelipenda watalitia kila mahali kama chumvi. Jiandae. Nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Nyakundi aliyeandika katika insha kwamba bwana na bibi harusi walitembea helter-skelter hadi madhabahuni.

"Nyakundi," nikamwambia, "walikuwa wakikimbia nini?"

"Hawakuwa wanakimbia, Mwalimu."

"Sasa mbona umeliandika?"

"Ulisema lina alama mbili."

Nilimpa hizo alama mbili. Ningefanyaje? Nilikuwa nimewafundisha kulipenda neno, sikuwafundisha kulitumia. Utawaambia kwamba lazima pawe na kitu kinachokimbiwa, pawe na watu zaidi ya mmoja, na pasiwe na mtu anayejua anakokwenda. Hayo yote niliwaambia wanafunzi wangu. Kuna moja sikuwaambia, kwa sababu lilinifaa mwenyewe. Ukisema watu walikimbia helter-skelter, hakuna atakayeuliza fulani alikimbilia wapi. Mtu anaweza kukaa ndani ya neno hilo maisha yake yote, na asionekane.

Mimi nimekaa humo. Sasa natoka.

Siku ile nilikuwa nimesimama kando ya nyumba ya poshomili, ile mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa chini ya soko, nikizungumza na mwalimu mkuu wangu na mkewe. Kuna kitu nakiacha hapo kwa makusudi. Nitakirudia, nipe muda nijikaze. Fahali alikuwa karibu nasi. Jamaa wa poshomili akaiwasha injini. Injini zile za dizeli za zamani zilikuwa zikiwaka kwa mlio wa bunduki, na fahali akaruka hewani miguu yote minne.

Mwanangu, nilikimbia. Na sikukimbia pamoja na watu, niliwatangulia! Nilimpita mwalimu mkuu. Nilimpita mkewe, nikakiangusha kikapu chake cha nyanya. Jamaa wa poshomili alikuwa anafunga mlango wake, nikapenya kwapani mwake, nikateleza, nikaingia kichwa kwanza kwenye pipa la unga wa watu. Tai na yote. Nilipojitoa nikaenda kuchungulia kwenye ufa wa mbao, napumua unga, natoa unga.

Soko lilikuwa limetawanyika kweli. Mzee mmoja alikuwa juu ya paa la duka la chumvi, na mpaka leo sijui alipandaje. Vitunguu vinabingirika. Na katikati ya njia alikuwa amesimama msichana wa ndizi.

Sasa nisikilize vizuri. Hakuwa ameganda. Nilimwona akianza kukimbia kama sisi wote. Alipiga hatua moja, akatazama nyuma, akaona mtoto mchanga amekaa peke yake katikati ya viazi vitamu vya mama yake, anakula udongo kwa utulivu kabisa. Akairudisha ile hatua. Akajiweka kati ya mtoto na fahali, akasimama. Alikuwa anatetemeka, leso yake ilikuwa inacheza kiunoni na upepo haukuwapo. Alikuwa na hofu yote ambayo mtu anaweza kuwa nayo, na miguu yake haikutoka pale.

Fahali akaja. Kwamboka, maana hilo ndilo jina nililokuja kulijua baadaye, akaanza kusema naye kama msichana anavyosema na ng'ombe wakati wa kukamua, polepole, kwa Ekegusii, "Ng'ora, ng'ora," taratibu, taratibu, huku amenyoosha kichana cha ndizi mbivu. Ndizi za kuuza! Fahali akapunguza mbio, akakwaruza ardhi, akapuliza pumzi mpaka vumbi likamfunika msichana magoti. Kisha akanusa. Kisha, Kemunto, yule jitu aliyewapandisha wazee mapaani akaanza kula ndizi na maganda yake, macho nusu yamefumba.

Msichana akaiokota kamba. Akamvuta fahali moja kwa moja hadi kwenye ule ufa wangu. Nikaona jicho lake, naye akaona langu.

"Toka, Mwalimu," akasema. "Ameshiba."

Nikatoka, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Alinitazama, akafunga mdomo kwa nguvu zote asicheke, akaitia kamba mkononi mwangu na kuniambia maneno machache. Kisha akamwinua yule mtoto. Watu walipoanza kurudi waliniona mimi na kamba. Mzee wa paani, aliyekuwa ameshika mabati na kufumba macho, akafumbua na kupiga kelele, "Mwalimu amemkamata! Obee, tazameni, amempiga mieleka mpaka kwenye unga!"

Nilifungua mdomo niseme, "Si mimi." Mwalimu mkuu alikuwa ameshanishika mkono anautikisa, unga unapaa kama moshi. Nikaufunga. Uongo wangu wa kwanza haukuwa na hata neno moja. Nikasema nitampeleka fahali kwa chifu mpaka mwenyewe apatikane, wakanipisha njia kama mfalme.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kununua ndizi. Na iliyofuata tena.

"Leo ngapi, Mwalimu?" angeniuliza.

"Kichana kimoja."

"Cha kula wewe au cha fahali?"

Nilinunua ndizi nyingi kuliko anavyoweza kula mwalimu mmoja, mpaka akanionea huruma.

Hadithi ya msichana aliyeganda niliizua harusini. Watu walitaka kujua tulivyokutana, kipaza sauti kikawa mkononi, na ulimi ukaenda wenyewe. Mama yako aliisikia mara ya kwanza pale, mbele ya watu, ndani ya gauni lake. Aliinamisha kichwa. Watu wakasema bibi harusi ana aibu. Tulipofika nyumbani alichovya kidole gumba kwenye unga wa ugali, akanipaka puani, akaendelea kusonga.

"Mbona hukunikanusha?" nikamuuliza.

"Ningekukanusha leo, ningekuwa nimeolewa na nani?"

Basi ikawa hivyo. Kila nilipoisimulia hadithi mahali, kanisani, kwenye harambee, tukirudi nyumbani alinipaka unga puani. Uliona mara ngapi? Ulidhani ni mchezo wa wazee wako, na wewe ukawa unaleta pua upakwe. Ilikuwa mzaha wetu, na ilikuwa hukumu yangu, na alinihukumu kwa upole kiasi kwamba nikazoea. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mtu akikuchukulia kwa wema kosa lako, unaanza kudhani si kosa.

Mara moja tu hakunipaka. Ulikuwa mdogo, huna meno ya mbele. Nilimaliza hadithi mbele ya wageni, ukamwendea ukamshika shavu, ukasema kwa huruma kubwa, "Pole, Mama mwoga." Wageni walicheka. Yeye alicheka pia. Jioni alisonga ugali akaweka mezani, na pua yangu ikabaki kavu.

"Umekasirika," nikamwambia.

"Watu waniite mwoga, sawa. Nilishachagua. Lakini huyu mtoto umwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akikua."

Ulikua. Ukaenda sekondari, ukaenda chuo, ukarudi. Alipokuwa amelala hospitalini Kisii, siku ambayo sote tulijua kwamba haponi, wewe ulitoka kumnunulia maziwa. Akanishika kidole gumba akakigusisha puani mwangu. Hapakuwa na unga. "Umemwambia Kemunto?" Nikasema bado. Akasema, "Basi usichelewe." Uliporudi na maziwa ukauliza mbona Tata analia, na yeye akakujibu kwamba ninalia kwa sababu sijui kupika. Hata hapo alinificha.

Kuna mwingine ninayepaswa kukutajia. Yule mtoto wa viazi vitamu alikua, akaingia darasani kwangu. Nyaboke, unamjua, ndiye mwenye duka la vitambaa karibu na kituo cha chai. Siku moja nikisimulia hadithi, nimefika kwenye mieleka, akainua mkono. "Mwalimu, mama anasema ulikuwa ndani ya poshomili, na aliyemshika fahali ni bibi yako." Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua tu. Darasa lilicheka, nami nikamtoa nje akapige magoti kwenye changarawe hadi kengele. Mtoto ambaye mke wangu alimsimamia, mimi nikampigisha magoti kwa kusema kweli. Kati ya yote niliyofanya nikiwa na chaki mkononi, hilo ndilo ninaloamka nalo.

Jumatatu hii nilimpigia simu aje. Alikuja na mkate. Nikamwomba msamaha, maneno yote, bila kuzunguka. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Mwalimu," akasema, "magoti nilishayasahau. Lakini kwa miaka mingi nilidhani mama yangu ni mwongo."

Akaukata mkate, akanipa kipande, kisha akaanza kucheka. "Sasa pipa lenyewe lilikuwa la nani?" Tukacheka mpaka shangazi yako akaja mbio na dawa yangu. Kemunto, sijapumua vizuri namna ile tangu moyo uanze kunisumbua! Ndiyo maana leo silali. Nimeonja kusema kweli nikaona ni tamu, na nikajuta kwamba nimekula kitu kingine miaka yote hii.

Kwa hiyo miguu yako. Uliniambia umeachiwa miguu ya Mama. Ndiyo! Umeachiwa! Nilitaka kupiga kelele pale jikoni. Unakumbuka paka wa jirani alipoingia na mbwa wawili nyuma yake, watoto wote wakaruka juu ya viti, wewe ukabaki chini, paka amejificha kati ya miguu yako? Ulisema uliganda. Mimi nilikuwa juu ya kiti, nilikuona. Unakumbuka siku ya mazoezi ya kufundisha, uliposema darasa lilikuzomea ukashindwa kusogea? Na baadaye je? Ulisema ulisimama mpaka wakachoka, kisha ukaanza somo. Ulinisimulia hayo ukilia. Hujajua kwamba kile unachokiita kuganda, mimi nimekiona kwa macho yangu kupitia ufa wa mbao, na nikakitafutia jina kwa Kiingereza na Kiswahili nikakosa.

Hofu utakuwa nayo. Mama yako alikuwa nayo; leso ilicheza. Sikupi dawa ya hofu kwa sababu sina. Mimi mwenye moyo unaoutamani niliingia kwenye pipa.

Ukiwafundisha neno hili, wafundishe kwa furaha. Waache walipige kelele, waache wakimbie uwanjani wajue lilivyo miguuni, wape zile alama mbili hata kwa harusi ya Nyakundi. Kisha, wakitulia, muulize kila mmoja yeye alikimbilia wapi. Na waulize ni nani hakukimbia. Mimi sikuwahi kuuliza hilo katika miaka yangu yote ya kazi.

Nasikia sauti yako njiani, unabishana na mtu wa bodaboda kuhusu sanduku. Niandike upesi kile nilichokiacha.

Nilikuwa nafanya nini kando ya poshomili? Nilikuwa nimeshika kamba. Babu yako, baba yangu, alikuja siku ile kutoka Magwagwa na fahali wake wa kuuza, miguu peku, koti limechanika kwapani. Akanikuta sokoni akaniomba nimshikie fahali kidogo, ashuke mtoni kunawa vumbi. Nikashika. Ndipo nikamwona mwalimu mkuu anakuja na mkewe. Tai yangu ilikuwa mpya. Nikaitupia kamba kwenye nguzo bila fundo, nikasogea pembeni. Mwalimu mkuu akasema, "Fahali mzuri kweli. Ni wa nani?" Nikamjibu, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba sijui.

Msichana wa ndizi alikuwa ng'ambo ya njia. Aliona yote.

Sikumpeleka fahali kwa chifu. Nilimpeleka mtoni. Babu yako akaniuliza, "Mbona umejaa unga?" Nikasema ni upepo. Akaichukua kamba yake, akarudi Magwagwa. Na harusini kwangu, hadithi ilipofika kwa yule mjinga aliyemwacha fahali bila kumfunga, babu yako alikuwa amekaa safu ya mbele, ndani ya koti nililomnunulia, akicheka pamoja na watu. Sikumuuliza kamwe alielewa nini.

Mama yako aliponitia kamba mkononi aliniambia, "Shika ng'ombe wako, Mwalimu." Hayo ndiyo maneno yake machache.

Basi watoto wa Lodwar wakikuuliza mwenye fahali alikuwa wapi, usiwaache waitike kwamba hajulikani. Fahali alikuwa wetu. Kamba niliiachilia mimi,

Tata yako.